Pazia la sinema pana: ukuta, nguo au turubai?

MAONYESHO ya sinema yanayounganisha projekta kadhaa kupata picha moja pana yanahitaji pazia lililochaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa Bukoba na Muleba mkoani Kagera, ambako maonyesho ya wazi hukabiliana na mvua na upepo wa Ziwa Victoria, uchaguzi mbaya unaweza kuharibu onyesho zima hata kama mitambo ni bora.

Utaratibu huo si mpya. Mwaka 1927, Mfaransa Abel Gance alitumia projekta tatu katika sehemu ya mwisho ya filamu yake, Napoléon. Mwaka 1952 mfumo wa Cinerama ulizinduliwa New York, nao ukitumia projekta tatu na pazia lililopinda nyuzi 146. Pazia hilo liliundwa kwa vipande vyembamba vya wima zaidi ya 1,000, ili mwanga wa upande mmoja usirukie upande wa pili na kufifisha picha.

Projekta tatu, kila moja ikitoa picha ya upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.25, zikipishana nusu mita kila zinapokutana, huhitaji pazia la mita 8 kwa 2.25. Sehemu zinazopishana hupata mwanga maradufu, hivyo hupunguzwa kwa programu ya kompyuta.

Uso unaofaa ni mweupe usiong'aa, kwani husambaza mwanga karibu sawa pande zote. Uso wa rangi ya fedha huongeza mwanga kwa walioketi katikati, lakini aliyeketi pembeni huona kipande kimoja kikiwaka na cha jirani kimefifia. Programu haiwezi kuficha kasoro hiyo kwa watazamaji wote.

Ukuta wenye lipu laini na rangi nyeupe ya maji isiyong'aa ni nafuu na hautikisiki. Hata hivyo, tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliacha nyufa katika majengo mengi ya Kagera. Ukuta wenye nyufa usitumike kabla ya kukaguliwa na mhandisi, kwa kuwa watazamaji huketi karibu nao.

Nguo ya marekani hubebeka kwa urahisi, ila hupitisha mwanga. Iwekewe kitambaa cheusi nyuma na kuvutwa pande zote nne. Ikilowa hulegea, na picha hupinda. Aidha, mita za mraba 18 za nguo hushika upepo kama tanga, hivyo nguzo na kamba ziwe imara.

Turubai jeupe huhimili mvua, lakini mengi hung'aa. Lichaguliwe lenye uso mkavu usio na mng'ao.

Jaribio lifanyike giza likishakolea, kuanzia saa 1:30 usiku. Projekta zote zirushe weupe mtupu, kisha mtu atembee kutoka upande mmoja wa viti hadi mwingine. Maungio yakionekana akiwa pembeni tu, pazia ndilo la kubadilishwa.