Mgonjwa Alipoanza Kuulizwa

Siku ya mwisho ya mwaka 1900, mjini Vienna, msichana wa miaka 18 alimuaga Sigmund Freud na kuyakatiza matibabu yake. Yalikuwa yamedumu majuma 11 tu. Freud alichapisha kisa hicho mwaka 1905, akampa msichana jina la Dora, na humo akakubali kwamba alichelewa kutambua hisia ambazo Dora alizihamishia kwake kutoka kwa watu wengine wa maisha yake. Ni ungamo lenye uzito. Hata hivyo, kisa chenyewe kinaonyesha jambo zito zaidi: Dora alipoikataa tafsiri ya daktari, mara nyingi ukataaji huo ulichukuliwa kuwa ishara kwamba daktari amegusa penyewe. Angelalamika vipi, basi, kwamba hajaeleweka?

Si kwamba Freud alidharau uhusiano. Mwaka 1912 aliandika kwamba mapenzi na imani ya mgonjwa kwa daktari ndivyo vinavyoibeba tiba hadi ifanikiwe. Ila aliyekuwa na haki ya kuupima uhusiano huo alikuwa daktari peke yake, na hali ikabaki hivyo kwa miongo kadhaa.

Mlango ulifunguliwa na Carl Rogers. Akiwa Chuo Kikuu cha Ohio State, yeye na wanafunzi wake walirekodi mazungumzo ya tiba kwenye sahani za santuri, na kitabu chake cha mwaka 1942 kikachapisha kisa kizima, neno kwa neno. Hadi hapo wasomaji walikuwa wakitegemea kumbukumbu za daktari. Sasa waliweza kuona ni nani alimkatiza nani, na mgonjwa alinyamaza wapi. Mwaka 1957 Rogers alidai kwamba ukweli wa tabibu, kumthamini mgonjwa bila masharti na kuyaelewa maisha yake kama anavyoyaona yeye vyatosha kuleta mabadiliko. Neno "vyatosha" lilizua ubishi, na naona wabishi walikuwa na haki, kwani kuna maradhi yanayodai mbinu mahususi.

Mwaka 1979 Edward Bordin aliweka mambo sawa kwa namna ninayoiona bora kuliko zote. Kwake, ushirika wa tiba una nguzo tatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi ya kufanya ili kulifikia, na kuaminiana. Upole peke yake haukidhi. Tabibu anaweza kupendwa sana huku mgonjwa wake haelewi wanaelekea wapi. Mwaka huohuo, Hans Strupp na Suzanne Hadley wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walitoa matokeo yaliyowashtua wengi: wanafunzi waliotibiwa na wataalamu wazoefu na wale waliozungumza na wahadhiri wa kawaida, waliochaguliwa kwa utu wao, walipata nafuu inayolingana kwa wastani.

Nguzo za Bordin ziliwapa Adam Horvath na Leslie Greenberg msingi wa dodoso la maswali 36 la kupima ushirika huo, lililochapishwa mwaka 1989. Miaka miwili baadaye Horvath na Dianne Symonds walikusanya tafiti 24, wakakuta kwamba tathmini ya mgonjwa kuhusu uhusiano ilibashiri matokeo vizuri kuliko ya tabibu. Hapa ndipo swali lililoibuliwa na kisa cha Dora lilipopata jibu la kisayansi. Mwaka 2018 Christoph Flückiger na wenzake walijumlisha tafiti 295 zenye wagonjwa zaidi ya 30,000. Uwiano kati ya ushirika na matokeo ulikuwa takriban 0.28, yaani kama asilimia 8 ya tofauti za matokeo. Asilimia hiyo yaonekana ndogo, lakini katika fani hii ni vigumu kupata kigezo kingine kilichojitokeza kwa uthabiti hivyo, katika mbinu za kila aina.

Uhusiano mzuri pia huyumba. Jeremy Safran na Christopher Muran walichunguza mifarakano midogo ndani ya tiba: mgonjwa anayeitikia tu ili kumridhisha tabibu, au anayefoka. Walisisitiza kwamba ufa ukitajwa waziwazi na kuzibwa na wote wawili, kazi hiyo yenyewe ni sehemu ya tiba.

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, baadhi ya matabibu humpa mgonjwa karatasi fupi kabla hajaondoka, yenye maswali manne: je, umesikilizwa, tumezungumza uliyoyataka, njia hii inakufaa, na kikao cha leo kwa ujumla kimekuwaje. Jibu baya hujadiliwa palepale, mgonjwa akiwa bado amekaa.