Boriti, chokaa na bafu la babu

Wasomaji wangu, samahani kwa kimya cha wiki mbili. Nilikuwa Unguja, na safari hii gazeti halikunituma. Shangazi alipiga simu kwamba sakafu ya juu kwenye nyumba yetu ya Mji Mkongwe imeanza kubonyea. Ukoo ukaitana, na mimi kwa kuwa eti ndiye msomi nikapewa kazi ya kumsikiliza fundi na kupiga hesabu.

Nilidhani tutabadilisha miti miwili mitatu tumalize. Fundi, mzee mtaratibu, akacheka. "Mwanangu, umewahi kuona kwamba vyumba vyote humu ni vyembamba na virefu?" Nimelala nyumba ile tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza!

Jibu ni boriti. Mti wa mkoko ni mgumu, lakini boriti inayofaa kubeba sakafu haizidi sana mita tatu. Kwa hiyo aliyejenga hakuchagua upana wa chumba, mkoko ulimchagulia. Majahazi yalibeba boriti hizo kutoka Lamu na Rufiji hadi Uarabuni, na huko nako nyumba nyingi za zamani zina vyumba vyembamba vile vile. Juu ya boriti hupangwa mawe na chokaa, mzigo mzito kweli kweli. Kuta nazo ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa, mradi usizibwe.

Waliojenga mwanzo walilijua hilo, ndiyo maana choo walikiweka pembeni kabisa, mbali na vyumba. Babu yangu (Mungu amrehemu) jamaa walipoongezeka akajenga bafu juu, katikati ya nyumba, karibu na ngazi, kwa sababu ndipo palipokuwa rahisi. Miaka ya 80 akapiga plasta ya saruji ukuta mzima ili upendeze. Maji ya kuoga yakapenya taratibu, saruji ikayafungia ndani, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vikaoza bila mtu kuona. Sasa kazi ya miti miwili imekuwa kubandua plasta yote, kuhamisha bafu, kuegemeza sakafu na kubadilisha safu nzima ya boriti.

Jioni nikapita Forodhani kuitazama Beit al-Ajaib. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, naye hakutaka kutawaliwa na mkoko. Akatumia nguzo za chuma cha kuyeyushwa na mihimili ya chuma pamoja na matumbawe, chokaa na boriti, akapata kumbi pana na dari za juu ambazo mji haukuwa nazo. Jengo lilisalimika mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Lakini chuma hula kutu, matumbawe hunyonya maji, na fundi wa ukarabati inabidi avijue vyote kwa pamoja. Sehemu ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Kwenye kikao ami mmoja alitaka tumwage zege tuachane na miti. Fundi akamuuliza kuta za chokaa zitashikaje zege hilo, na kibali tutakiomba kwa sura gani, mji wenyewe ukiwa urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Ami akanyamaza. Tukakubaliana boriti na chokaa, na bafu liende chini, uani. Mchango wangu ni mshahara wa miezi mitatu, kwa hiyo msiniulize habari za pikipiki niliyowaahidi kuipiga picha.

Aliyekataa ni shangazi peke yake. Magoti yanamsumbua, na chumba chake kiko juu. "Sawa baba, boriti zenu zitapona," akaniambia. "Saa nane za usiku nani atanishika mkono kwenye ngazi hizo?"

Fundi anaanza Jumatatu. Swali la shangazi bado hatujalijibu.