Majibu ya damu yasiyo ya kawaida na ufuatiliaji wake (Magomeni, Kilosa)

Majibu ya damu yasiyo ya kawaida ni matokeo ya maabara yaliyo juu au chini ya kiwango kinachoonekana kwa watu wengi wenye afya, au yaliyoonyesha kitu kisichotakiwa kuwamo katika damu, kama vimelea vya malaria au alama ya virusi vya homa ya ini. Ufuatiliaji ni yote yanayopaswa kufanyika baada ya hapo: mgonjwa kuitwa, kuelezwa, kurudia kipimo, kuanza dawa au kupewa rufaa. Makala hii inalitazama jambo hilo kutoka Magomeni, kata ya Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, na kutoka sehemu nyingine za wilaya hiyo hadi Mikumi.

Kilosa ni wilaya ya reli, mashamba na mifugo. Mji wake ulikua kandokando ya Reli ya Kati na mto Mkondoa, ule uliofurika Januari 2010 na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Mikumi iko kusini, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa. Mgonjwa huanzia zahanati, akapanda hadi kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na ikibidi hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Morogoro au Hospitali ya Taifa Muhimbili. Zahanati nyingi zina vipimo vya haraka tu: malaria, VVU, kaswende, sukari, wingi wa damu. Kinachozidi hapo, ama mgonjwa anakifuata mwenyewe, ama sampuli inasafirishwa na majibu yanarudi siku nyingine. Hapo katikati, kati ya siku ya kutoa damu na siku ya kurudi, ndipo watu wengi wanapopotea.

Karatasi inayotoka kwenye mashine ya picha kamili ya damu imeandikwa kwa Kiingereza. Herufi H mbele ya namba maana yake ni juu ya kiwango, na L ni chini. Mtu akiziona tatu au nne huamini amekwisha. Ajue kwanza kiwango hicho kilivyopatikana: huchukuliwa watu wenye afya, wakapimwa, kisha wakahesabiwa asilimia 95 walio katikati. Kwa hiyo mtu mmoja kati ya 20 wasioumwa chochote atatoka nje ya mstari. Akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau herufi moja bila ugonjwa wowote ni kama asilimia 64. Zaidi ya hayo, mashine nyingi huja na viwango vilivyopimwa kwa watu wa Ulaya na Marekani. Waafrika wengi wenye afya njema wana chembe nyeupe za aina ya neutrofili chache kuliko viwango hivyo, kwa sababu ya urithi tu, na utafiti uliofanywa Mbeya na kuchapishwa mwaka 2008 ulipima viwango vya watu wazima wenye afya wa huko kwa sababu kama hizo. Vizio vya kipimo navyo huchanganya. Sukari ya 7.0 kwa milimoli ni ileile 126 kwa miligramu, lakini mgonjwa aliyepimwa Mikumi kwa namba moja na Morogoro kwa nyingine huona kama imepanda mara 18.

Lipo jibu moja linalostahili kusemwa kwa kirefu, nalo ni la Widal. Kipimo hiki, kilichopewa jina la Mfaransa Georges-Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896, hutafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupambana na bakteria wa homa ya matumbo, yaani taifodi. Hakimtafuti bakteria mwenyewe. Askari hao hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kupona, na huweza kuonekana pia kwa mtu mwenye maambukizi mengine. Ndiyo maana katika nchi ambako taifodi ni ya kawaida, Widal moja haitoshi kusema mtu anaumwa sasa. Hata hivyo wapo watu katika wilaya hii, kama kwingine Tanzania, wanaoambiwa wana taifodi kila wanapopata homa, wakanywa antibiotiki mara tatu au nne kwa mwaka, na homa yenyewe isipatiwe chanzo. Kwa mfugaji anayekunywa maziwa yasiyochemshwa na kuzalisha ng'ombe kwa mikono yake, homa ya kujirudia na maumivu ya viungo ingepaswa kumfanya daktari afikirie pia bruselosi. Ugonjwa huo hutibiwa kwa dawa mbili kwa wiki sita hivi, na siku tano za vidonge haziuondoi. Hapa jibu chanya la Widal limefanya madhara kwa sababu lilichukuliwa kuwa mwisho wa safari, nalo lilipaswa kuwa mwanzo.

Majibu mengine hayasubiri. Mjamzito mwenye wingi wa damu chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu na anahitaji madini ya chuma na foliki; akiwa chini ya 7 upungufu ni mkali na anapaswa kuonekana hospitalini siku hiyohiyo. Sukari ya 11.1 au zaidi wakati wowote, kwa mtu mwenye kiu isiyokata, anayekojoa mara kwa mara na kukonda, ni kisukari. Asiye na dalili hurudiwa kipimo siku nyingine kabla ya kupewa jina la ugonjwa. Potasiamu iliyopanda sana huweza kusimamisha moyo, lakini pia huweza kuwa kosa la sampuli: damu iliyokaa saa nyingi kwenye chupa, au iliyovutwa kwa nguvu hadi chembe zikapasuka, humwaga potasiamu yake yenyewe. Kwa sababu hiyo kurudia kipimo haraka ni sehemu ya matibabu. Sampuli nyingine huganda au humwagika njiani na kukataliwa maabara. Mgonjwa asiyepewa taarifa hiyo hudhani ukimya maana yake yuko salama.

Kushindwa kufuatilia si aibu ya Kilosa peke yake. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipitia majalada 5,434 ya wagonjwa na kukuta kwamba katika asilimia 7.1 ya majibu mabaya hapakuwa na ushahidi kuwa mgonjwa aliambiwa, na hayo katika nchi yenye simu na kompyuta kila kliniki. Kilosa ina sababu zake. Msimu wa kulima watu huhamia mashambani kwa wiki kadhaa. Wakata miwa huja na kuondoka na msimu wa viwanda vya sukari. Wafugaji husogea na maji na malisho. Nauli ya pikipiki ya kwenda na kurudi ni fedha ya chakula cha nyumba, na mtu akiambiwa "njoo Jumatano" akafika akakuta majibu hayajarudi, Jumatano ya pili haji.

Anayekosa kurudi huitwa mtoro. Neno hili limeingia hata kwenye mazungumzo ya kila siku ya kliniki: mtoro wa dawa, orodha ya watoro. Katika karne ya 19 lilikuwa jina la watumwa waliowakimbia mabwana zao na kujenga vijiji vyao bara. Ni neno zito mno kumbebesha mama aliyekosa nauli, na linaficha swali la msingi: ni nani aliyemkimbia mwenzake? Mara nyingi majibu yamefika, yamewekwa kwenye faili, na hakuna aliyepewa kazi ya kumtafuta mwenyewe.

Kwamba kazi hiyo inawezekana imeonekana kwenye kliniki za tiba na matunzo ya VVU. Tangu Tanzania ilipoanza mwaka 2016 kumpa dawa kila anayekutwa na maambukizi, kipimo cha wingi wa virusi kimekuwa nguzo ya ufuatiliaji. Mgonjwa akikutwa na nakala zaidi ya 1,000 kwa mililita hafokewi wala kubadilishiwa dawa papo hapo. Huitwa, hupewa ushauri wa kina kwa miezi kadhaa, kisha hupimwa tena, na jibu la pili ndilo linaloamua. Ana kadi, ana namba, ana tarehe, na wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa kumfuata nyumbani. Mwenye kisukari au shinikizo la damu mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo, ingawa figo zake zinaharibika kimyakimya.

Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa mwaka 2004, nao hupima kila chupa kwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Kijana aliyejitolea damu shuleni huweza kuwa na homa ya ini B bila dalili yoyote. Akirudi kuchukua majibu ataelezwa kwamba kipimo hurudiwa baada ya miezi sita kujua kama maambukizi ni ya kudumu, kwamba si kila mwenye virusi anahitaji dawa, na kwamba mwenza wake anaweza kuchanjwa. Asiporudi, hakuna analojua. Vivyo hivyo kwa selimundu: inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka, na mtoto aliyegundulika mapema huhitaji kinga ya penisilini na kliniki ya kudumu, si karatasi ya majibu tu.

Kabla ya kuondoka kwenye dirisha la maabara, mgonjwa ana haki ya kuuliza majibu yatatoka lini, atamwona nani, na afanye nini yasipotoka. Muuguzi naye anahitaji namba ya simu inayopatikana, na vijijini mara nyingi hiyo ni ya jirani au ya mwenye duka. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo hicho, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa taarifa za afya kwa ujumla. Kwa hiyo anayempigia jirani simu hataji ugonjwa, kipimo wala namba. Humwambia tu kwamba mwenzake anaombwa afike kliniki siku fulani asubuhi, na aje na kadi yake.