Chumvi na Moshi: Nyumba za Micheweni na Upepo wa Bahari

Mtu akitoka Wete kushika njia ya kaskazini mashariki, kwanza apita katika vilima vya mikarafuu na minazi, na mabonde ya mpunga. Halafu nchi hushuka na kuwa tambarare, udongo hupungua, na mawe huanza kuchomoza juu ya ardhi. Hiyo ndiyo nchi ya Micheweni. Jiwe lake ni matumbawe ya kale yaliyokuwa chini ya bahari zamani sana, na mkulima wa huko hutia mbegu zake katika vifuko vya udongo vilivyo baina ya jiwe na jiwe. Upande wa mashariki hapana kisiwa kingine cha kuzuia upepo. Kaskazi ivumapo, kuanzia Desemba mpaka Machi, huja moja kwa moja kutoka bahari kuu.

Upepo huo hauji mtupu. Mawimbi yavunjikapo juu ya mwamba hurusha angani matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji yake hukauka njiani, na chumvi hubaki ikichukuliwa na upepo. Nyingi huanguka katika mita mia chache tangu pwani, lakini iliyo nyembamba zaidi husafiri mbali sana ndani ya nchi. Mwenye nyumba haioni ikija. Huijua baadaye, bawaba zinapolia, kitasa kinapogoma, na bati linapotoboka. Na ndani ya nyumba kuna kitu cha pili kichukuliwacho na hewa, nacho ni moshi wa jikoni. Twapenda kueleza jinsi watu wa pande hizi walivyojilinda na viwili hivi tangu zamani, na jinsi nyumba za siku hizi zilivyobadili mambo.

Katika wilaya hiyo ya Micheweni pana Tumbe, na jirani yake pana magofu ya Chwaka (Chwaka hii si ile ya Unguja). Wataalamu wa mambo ya kale, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, walichimba mahali hapo pawili katika miaka ya 2000. Waliona kwamba Tumbe ya kale ilikaliwa tangu karne ya 7 mpaka ya 10, na nyumba zake zilikuwa za miti na udongo. Baada yake ulisimama mji wa Chwaka, tangu karne ya 11 hata mwanzo wa karne ya 16. Watu wa Chwaka walijenga misikiti kwa mawe na chokaa, na hapo ndipo lilipo kaburi lenye mnara ambalo mapokeo husema ni la Haruni, mwana wa Mkama Ndume, mtawala wa Pujini. Walakini watu wengi wa mji huo waliendelea kukaa katika nyumba za udongo. Basi jiwe na udongo vilikaa pamoja katika mji mmoja, na kila kimoja kilikuwa na njia yake ya kupambana na hewa ya pwani.

Tuanze na jiwe. Waashi wa zamani walitumia jiwe la nchi kavu kwa kuta, na kwa kazi nzuri, kama nakshi za mihirabu, walikata matumbawe hai baharini, ambayo ni laini yakiwa mabichi na hukauka yakawa magumu. Jiwe la namna zote mbili lina vitundu vingi. Chumvi ikiingia pamoja na unyevu, unyevu hukauka na chumvi hubaki ndani, ikajikusanya kuwa punje ngumu. Punje hukua, hukosa nafasi, na husukuma mpaka uso wa jiwe hupukutika kama unga. Ndiyo maana ukuta wa mawe ulioachwa mtupu pwani huliwa taratibu, hata kama mvua haikuupiga sana.

Dawa yake ilikuwa chokaa. Magogo yalipangwa kwa duara, mawe yakapangwa juu yake, kisha tanuri likawashwa likawaka kwa muda mrefu. Jiwe hilo likipata moto wa kadiri ya digrii 900 hutoa hewa ya ukaa iliyomo ndani yake, na kinachobaki ni chokaa kali, iunguzayo macho na koo la mtu aivutaye vumbi lake. Chokaa hiyo ilimwagiwa maji au kuachiwa mvua, ikalala kwa miezi, kisha ikapigwa lipu. Na hapa pana jambo la ajabu ambalo kila mwanafunzi angefaa kulijua: lipu ya chokaa ikiwa ukutani huirudisha ile hewa ya ukaa kutoka angani, ikawa jiwe tena. Yaani ukuta hujivika ngozi ya jiwe kutokana na hewa yenyewe.

Ngozi hiyo hupumua. Unyevu ulioingia hutoka, na chumvi hujikusanya katika lipu badala ya kujikusanya katika jiwe. Lipu huharibika, naam, lakini huharibika badala ya ukuta. Baada ya miaka kadhaa huparuliwa, hupigwa nyingine, na nyumba huendelea. Mtu asiyejua aweza kusema ilikuwa kazi dhaifu kwa kuwa ilihitaji kurudiwa. Sisi twaona kurudiwa huko ndiko kulikokuwa kinga. Misikiti ilipokosa watu wa kuipiga lipu, ndipo chumvi ilipoanza kula mawe.

Nyumba ya udongo ilipambana kwa njia nyingine. Boriti zake za mikoko na fito zake hazikuwa na chuma cha kushika kutu, na kilichofungwa kilifungwa kwa kamba. Paa la makuti liliiacha hewa ipite. Jiko likiwa uani, katika kibanda chake, moshi ulikwenda zake. Na hata mvua ilipomlazimisha mama kupika ndani, moshi ulipanda ukapenya katika makuti. Njiani uliwafukuza wadudu walao boriti na makuti, hata wazee wengi walisema paa lisilopata moshi halidumu. Hatusemi kuwa moshi huo haukumdhuru mpishi. Ulimdhuru. Lakini haukukaa naye chumbani usiku kucha.

Wageni wa Ulaya waliokuja pwani yetu katika karne ya 19 walikuwa na hofu nyingine ya hewa. Walidhani homa huletwa na mvuke mbaya utokao katika mabwawa na uozo; neno malaria lenyewe latoka katika Kitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Wengine walifunga madirisha usiku ili hewa hiyo isiingie. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu, na hofu ile ya mvuke ikapoteza nguvu. Lakini desturi ya kuiona nyumba iliyofungwa kuwa nyumba salama haikufa upesi.

Kisha vilikuja chuma na saruji. Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Beit el-Ajaib mjini Unguja, akaunganisha mawe na chokaa ya nchini na nguzo na mihimili ya chuma kutoka ng'ambo. Lilikuwa jumba la fahari, nalo lilistahili jina lake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Jumba la umri huo lina maradhi mengi, na hatutaki kuitwika chumvi mzigo wote. Walakini chuma kilichokaa zaidi ya miaka 130 mbele ya bahari kina adui asiyelala.

Katika nyumba ndogo za Micheweni adui ni yule yule. Bati hufunikwa kwa zinki ili lisishike kutu, na chumvi huila zinki hiyo upesi sana karibu na pwani kuliko bara. Nondo zilizo ndani ya zege hulindwa na saruji yenyewe mpaka chumvi ipenye. Ikipenya, chuma hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Mjenzi akichanganya zege kwa mchanga wa ufukweni au maji ya kisima cha chumvi, basi amemwingiza adui nyumbani siku ya kwanza. Na lipu ya saruji ikipigwa juu ya ukuta wa kale wa mawe na chokaa, hufunga unyevu ndani. Chumvi hufanya kazi nyuma yake, na siku lipu ianguspo huanguka na uso wa jiwe. Katika Mji Mkongwe wa Unguja jambo hili limeonekana mara nyingi. Hasara hii si ndogo, maana chunguzi za serikali zimeihesabu Micheweni miongoni mwa wilaya maskini zaidi za Zanzibar, na kuezeka bati mara ya pili ni fedha ya ada za shule au ya mashua.

Lakini hasara kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni ya moshi. Bati halipitishi kitu. Jiko lililohamia chini ya bati, baina ya kuta za matofali zilizofika juu kabisa, hushika moshi wa kuni na makumbi kama chungu chenye kifuniko. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Makaa ni hatari kwa namna yake: hayatoi moshi mwingi, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua waliolala katika chumba kilichofungwa.

Serikali ya Tanzania ilitoa mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mpaka gesi au umeme ufike katika kila jiko, fundi ana kazi ya kufanya kwa tofali na mwiko. Aache tundu refu baina ya kichwa cha ukuta wa jikoni na bati, moshi utokee huko. Mwenye nyumba wa pwani atauliza: je, chumvi haitaingia kwa tundu hilo hilo? Itaingia, likielekea bahari. Kwa hiyo upande wa mashariki ukuta uende juu mpaka bati, upigwe lipu nzuri, na tundu liwe magharibi, mahali upepo unapoacha nyumba. Hapo kaskazi yenyewe itauvuta moshi nje. Na jiko likiweza kurudi uani, katika kibanda chake cha makuti kama lilivyokuwa zamani, lirudi.