Siku Kenya Ilipowakataza Majirani Kuongea Moja kwa Moja

Wasee, kuna kitu kuhusu intaneti ambacho rika letu halikuambiwa shuleni. Mwaka 2000, hapa hapa Nairobi, kampuni za intaneti ziliunganisha mitandao yao mahali pamoja ili ziongee moja kwa moja bila kuzunguka dunia. Mtambo ukawashwa mwezi Novemba. Ukafanya kazi kama wiki mbili. Halafu amri ikatoka kwa mdhibiti: zimeni hiyo kitu, ni haramu.

Mimi nikisoma hii stori mara ya kwanza nilidhani ni chumvi. Si chumvi. Na ukiielewa, utaelewa intaneti yenyewe kuliko mtu aliyekariri ufafanuzi wa kitabu cha kompyuta.

Tuanze na neno lenyewe. Intaneti si wingu, na si kitu kimoja kilichokaa mahali fulani Marekani. Ni mitandao mingi iliyokubali kushikana mikono. Safaricom ina mtandao wake, Airtel ina wake, vyuo vikuu vyetu viko kwenye mtandao unaoitwa KENET. Hata yule jamaa wa mtaani hapa Kitengela aliyepanda mlingoti juu ya paa, akavuta waya ploti nne na kuwauzia watu waifai kila mwezi, ana kamtandao kake. Kila mmoja ni bosi kwake. Hakuna bosi wa wote. Kuna makubaliano tu: mimi nitapokea mizigo yako, wewe upokee yangu, na tukishindwa kuelewana bei tunapitia kwa mtu wa tatu.

Mizigo yenyewe inaitwa pakiti. Ukituma picha, simu haiitumi ikiwa nzima. Inaikata vipande vidogo, na kila kipande kinabandikwa anwani ya kinakotoka na ya kinakoenda. Njiani kuna mashine zinaitwa ruta. Sasa ruta usiifikirie kama mtu anayejua ramani yote ya dunia. Ni kama makanga. Unamwambia unaenda mbali, yeye anajua tu mahali pa kukushusha ili uchukue gari inayofuata. Ukifika Mlolongo kuna makanga mwingine, ukifika tao mwingine, mpaka ufike. Vipande vya picha moja vinaweza hata kupita njia tofauti, vikapangwa upya upande wa pili, na wewe hujui chochote, unaona tu picha imefika.

Wazo hili lilizaliwa miaka ya 1960, Paul Baran akiwa Marekani na Donald Davies Uingereza, kila mtu kivyake. Mwaka 1969 mtandao wa kwanza mkubwa wa namna hiyo, ARPANET, ukaanza kujaribiwa California. Tarehe 1 Januari 1983 ukahamia kwenye kanuni za TCP/IP za Vint Cerf na Bob Kahn, na hizo kanuni ndizo simu yako inatumia ukisoma hii. Hiyo historia iko kila mahali, siirudii. Swali langu ni lile la makanga: gari inapita barabara gani? Mtu akichukua barabara mbaya, hata kama anaenda kwa jirani, atachelewa na atalipa sana.

Kenya barabara yetu ilikuwa angani. Kituo cha setilaiti cha Longonot, kule Bonde la Ufa, kilifunguliwa mwaka 1970 kwa ajili ya simu za nje na matangazo. Intaneti ilipoanza kuuzwa kwa watu hapa katikati ya miaka ya 1990, na kampuni kama Africa Online ya kina Ayisi Makatiani, Amolo Ng'weno na Karanja Gakio, data ya kutoka nje ya nchi ilibidi ipande kwa setilaiti. Mwaka 1998 ikaja Jambonet, uti wa mgongo wa kitaifa. Mwaka 1999 shirika la zamani la posta na simu, KPTC, likagawanywa: Posta upande wake, Telkom Kenya upande wake, na mdhibiti, CCK, upande wake (siku hizi anaitwa Mamlaka ya Mawasiliano). Telkom akapewa miaka mitano ya kuwa peke yake kwenye biashara ya kubeba data nje ya nchi, mpaka 2004. Kampuni nyingine zote zilikuwa wapangaji wake.

Shida ilikuwa hapa. Kila kampuni ilikodi laini yake ya kwenda nje, lakini kati ya kampuni na kampuni, pale pale Nairobi, hakukuwa na waya wa pamoja. Kwa hivyo mtu wa Westlands aliye kwa kampuni moja akimtumia barua pepe mtu wa Upper Hill aliye kwa kampuni nyingine, pakiti zilipanda kwa setilaiti, zikashuka Ulaya au Marekani, zikakutana huko, zikapanda tena setilaiti na kushuka Nairobi. Ni kama kutoka Noonkopir kwenda Acacia, hapa hapa Kitengela, na kila mara lazima upitie London.

Piga hesabu na mimi. Setilaiti za aina hiyo ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka mara moja ni kilomita 72,000. Pakiti ya Westlands ilifanya hivyo mara mbili, 144,000. Jibu likirudi, tena 144,000. Jumla 288,000, na mwanga wenyewe, ambao hakuna kitu kinaupita kwa mbio, unakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Yaani karibu sekunde nzima imeisha na hakuna mtu amefanya kosa lolote. Ongeza foleni, na vipimo vya wakati huo vilionyesha milisekunde 1,200 hadi 2,000. Wewe unayelia ukicheza gemu ikifika 150, kaa hapo ufikirie.

Na kulikuwa na bei. Laini ya kilobiti 64 kwa sekunde ya kwenda nje iligharimu dola 3,375 kwa mwezi. Kilobiti 64! Selfie moja ya simu ya leo, ya megabaiti 3, ingechukua zaidi ya dakika sita kupita hapo. Peke yake, bila mtu mwingine kwenye laini.

Ndio maana kampuni zilizokuwa kwenye chama chao, TESPOK, zikakaa chini. Hazikuwa marafiki, zilikuwa zinagombania wateja wale wale. Lakini zilikubaliana kitu ambacho nchi nyingine zilishafanya: kila mmoja alete waya wake kwenye chumba kimoja, katikati tuweke swichi, data ya Kenya inayoenda Kenya ibaki Kenya. Mahali kama hapo panaitwa kituo cha kubadilishana intaneti. Chetu kiliitwa KIXP. Kwa wiki mbili kilipokuwa hai, zile milisekunde 1,200 hadi 2,000 zilishuka mpaka 60 hadi 80. Na gharama ya ile laini ya kilobiti 64, ikitumika kufika kwenye kituo badala ya kwenda nje, ikawa dola 200.

Telkom akalalamika kwa CCK. Hoja yake: sheria imenipa mimi peke yangu kazi ya kuunganisha, hawa wananiingilia. CCK ikakubali, na KIXP ikazimwa.

Sasa hapa nitasema ukweli hata kama haunogi: Telkom hakuwa anajitungia. Alikuwa na karatasi. Serikali ilimpa ile miaka mitano ikiwa na mipango yake ya kumuuza, na mdhibiti alikuwa mchanga, hajamaliza hata miaka miwili kazini. Lakini soma hoja yenyewe polepole. Ile swichi haikutoa hata pakiti moja nje ya mpaka. Kilichopotea ni pesa za watu waliokuwa wakilipia safari ya nje ambayo hawakuihitaji. Mtu alikuwa anatetea haki ya kukuuzia tiketi ya ndege ili ukamsalimie jirani. Kwangu mimi hapo hakuna pande mbili.

TESPOK walienda kwenye baraza la rufaa, wakaandika, wakabisha milango. Watu kama Brian Longwe, mmoja wa waliosukuma hiyo kazi, walilazimika kuwaelezea maafisa kitu ambacho sisi tunaona ni cha kawaida: kwamba hii si kampuni ya simu, ni chumba cha washirika kuongea wao kwa wao. Ilichukua karibu mwaka. Leseni ikatoka Novemba 2001, na Februari 2002 KIXP ikawashwa tena. Haijazimwa mpaka leo. Na sehemu tamu: baadaye Telkom mwenyewe akaingia kuwa mwanachama.

Kufikia 2012, utafiti uliofanywa kwa ajili ya Internet Society ulikadiria kwamba KIXP inaziokolea kampuni za Kenya karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka. Jiulize hizo pesa zingetoka mfukoni mwa nani. Kwa bando lako, buda.

Watu wengi wakisimulia intaneti ya Kenya wanaruka hii sehemu wanaenda moja kwa moja 2009, mwaka kebo za baharini zilipofika. Nawaelewa. Ilikuwa kubwa: TEAMS, ambayo serikali yetu ilisukuma wakati Bitange Ndemo akiwa katibu mkuu wa wizara, ikavutwa kutoka Fujairah kule Emirati mpaka Mombasa, na SEACOM ikawashwa Julai mwaka huo. EASSy ikafuata 2010. Barabara ikatoka angani ikaingia chini ya bahari. (Si mara ya kwanza, kwa njia. Waya wa telegrafu chini ya bahari ulifika Mombasa kutoka Zanzibar mwaka 1890.) Lakini kebo na kituo cha kubadilishana ni vitu viwili. Kebo inakufikisha kwa dunia. Kituo kinakufikisha kwa jirani.

Tofauti inaonekana siku kebo ikikatika. Februari 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS karibu na Mombasa. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kusini, upande wa Afrika Kusini, na tukakaa siku kadhaa tukiangalia kaduara kakizunguka. Kitaalamu, pakiti inayotoka kampuni moja ya Kenya kwenda nyingine ya Kenya haihitaji bahari. Ingepita KIXP kama hakuna kilichotokea. Lakini tuliumia, kwa sababu vitu vingi tunavyofungua haviishi hapa.

Halafu ikaja Juni 25, 2024. Hiyo tarehe sihitaji kuwaelezea. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina nia ya kuzima intaneti. Siku yenyewe ya maandamano, intaneti Kenya ikashuka vibaya mchana kweupe, na Safaricom ikasema kebo mbili za baharini zimepata hitilafu. Watu bado wanabishana kilichotokea. Mimi ninachosema ni kwamba ubishi wenyewe unaonyesha milango ni michache, na wengi wetu hatujui iko wapi wala nani anashika funguo.

Mmoja nitawaonyesha. Ukipanda matatu ya tao kutoka Kitengela, ukishapita Athi River na Mlolongo, Mombasa Road utapita Sameer Business Park. Hapo kuna jengo lililofunguliwa 2013 likiitwa East Africa Data Centre, na KIXP ina mitambo ndani yake. Unalipita kila siku ukiwa umelala na kichwa kimegonga dirisha. Kajiado kaunti nzima haina kituo cha hivyo. Kwa hivyo nikiwa Kitengela kwa kampuni moja, na binamu yangu yuko Kajiado mjini kwa kampuni nyingine, data yetu inaenda Nairobi kwanza ndio irudi Barabara ya Namanga. Hiyo sina shida nayo, Nairobi ni karibu, ni milisekunde chache. Shida yangu ni tovuti za Kenya, zingine zina .ke kabisa mwishoni, za shule, za maduka, zinazolala kwenye seva za Ulaya na Marekani kwa sababu kukodi huko ni rahisi. Watu walipigana mwaka mzima ili data yetu isizunguke dunia, na sisi tunaizungusha wenyewe, kwa hiari, na kulipia.

Kama huniamini, shika laptop yenye Windows. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika tracert, acha nafasi, kisha andika jina la tovuti ya shule yako. Zitatokea laini moja moja. Kila laini ni ruta moja, na pembeni kuna milisekunde. Zikibaki kwenye namba ndogo mpaka mwisho, hiyo tovuti iko karibu. Zikiruka ghafla kutoka kama 8 hadi 150 na zaidi, hapo pakiti zako zimeshapanda kebo na kuvuka bahari. Angalia ni laini ya ngapi.