Mkono na Elimu ya Misuli
Kwa zaidi ya miaka 1,300 waganga wa Ulaya walimtegemea Galen, aliyejifunza umbo la mwili kwa kupasua kima na wanyama wengine. Mwalimu alisoma kitabu kitini, kinyozi akapasua maiti, wanafunzi wakatazama kwa mbali. Andreas Vesalius, huko Padua, alishika kisu mwenyewe. Kitabu chake cha 1543 kikafichua makosa mengi ya Galen.

Uwanda wa Wamakonde nao una ushahidi wake. Kinyago kivaliwacho kifuani, chenye matiti na tumbo la mja mzito, ni kazi ya jicho lililotazama walio hai.

Basi mwanafunzi wa ukandaji aliyeko Lisekese, Masasi, jirani na uwanda huo, asitosheke kukariri majina yaliyo katika picha. Na ashike tafu lake, kisha asimame kwa ncha za vidole: misuli miwili hukaza. Akikunja goti, ule wa juu, uvukao goti, hulegea. Wa ndani ndio unyanyuao kisigino. Asipoitofautisha kwa mkono, atakanda penye uzima na kuyaacha maumivu yalipo.