Adui wa Ndani ya Ua

Msomaji, usikiapo neno mkimbizi, bila shaka huwaza vita, mipaka na safari ndefu. Ni nadra kuwaza mume na mke ndani ya hema. Lakini mwanamke aliyekimbia risasi akiwa na mimba aweza kufika penye amani akakuta kwamba mkono unaompiga umesafiri pamoja naye. Ulimwengu ulichelewa sana kumwona mwanamke huyo, na habari za kuchelewa huko zatuhusu, maana sehemu yake kubwa ilitokea hapa kwetu Kenya.

Mkataba wa Wakimbizi uliokubaliwa Geneva mwaka 1951, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966, ulitaja mambo matano yawezayo kumfanya mtu ateswe: rangi, dini, taifa, kundi lake katika jamii, na maoni ya siasa. Uanamke haukutajwa. Tena katika Kiingereza mkataba huo husema juu ya mkimbizi kana kwamba ni mwanamume; Kiswahili kingetuepusha na kosa hilo, kwani neno letu "yeye" halibagui mume na mke.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia mwezi wa Januari 1991, watu kwa maelfu walivuka mpaka. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilijengwa karibu na Dadaab kwa ajili ya watu 90,000, na waliofika wakazidi hesabu hiyo. Wanawake walipokwenda nyikani kutafuta kuni, na hata usiku katika makao yao, walivamiwa na majambazi wakanajisiwa. Mwaka 1993 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilianzisha mpango wa kuwasaidia, na makao yakazungushiwa nyua za miiba. Ilikuwa kazi njema. Lakini ua wa miiba humzuia aliye nje. Kwa aliye ndani haufai kitu.

Huyo wa ndani alilindwa na aibu ya mkewe, na zaidi alilindwa na posho. Katika kambi nyingi za wakimbizi kadi ya chakula iliandikwa kwa jina la mume, mkuu wa nyumba. Hebu fikiri: mwanamke ana mimba ya miezi saba, hana shamba wala ndugu wa karibu, akimwacha mumewe, kadi hubaki kwa mume, na unga hubaki pamoja na kadi. Watu huuliza mbona hakuondoka. Aghalabu aulizaye hivyo ameshiba.

Mwaka 2001 Ruud Lubbers, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi, alitoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi. Mojawapo ni kwamba kila mwanamke aandikishwe kwa jina lake mwenyewe. Huenda ukaona kuwa ni karatasi tu. Mimi naihesabu kuwa hatua kubwa kupita hotuba nyingi. Mwaka 2003 mwongozo mpya wa shirika hilo ukaitaja waziwazi jeuri ya nyumbani.

Kambini wazee huamua mashauri kwa maslaha. Sipendi wazee wadharauliwe, maana huzuia damu nyingi isimwagike. Ila mapatano hayo huwa baina ya koo, naye mke hurudishwa katika nyumba ile ile. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 juu ya jeuri ya nyumbani yaipa mahakama uwezo wa kumkataza mpigaji asimkaribie aliyepigwa.

Kipigo wakati wa mimba chaweza kuleta kutokwa damu, kuharibika kwa mimba, au mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake. Hata hivyo mimba hiyo hiyo humfungulia mwanamke njia, kwa kuwa aendaye kliniki kupimwa hahitaji kumpa mumewe udhuru. Miongozo ya Shirika la Afya Ulimwenguni ya mwaka 2013 yamfundisha mhudumu kumwuliza faraghani, kumsikiliza bila kumlaumu, na kumsaidia kufikiri mahali pa usalama pasipo kumshurutisha kushtaki. Mume asiwepo, wala mama mkwe. Hata mkalimani asiwe jirani, kwa maana kambini neno hutangulia kufika nyumbani kabla ya mwenyewe. Kwa hiyo mkunga mwangalifu hufunga mlango kwanza, ndipo aulize.